Jinsi ya Kulinganisha Uwezo wa Magari Madogo ya 4x4 Nje ya Lami: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mombasa

Maswali ni yale yale kila mara. Kati ya Suzuki Jimny na Toyota Rush, ni lipi litakalopanda vilima vya Rabai mvua za masika zikiwa zimelainisha njia? Terios ya zamani yafaa kwa mwenye shamba nyuma ya Kinango? Raize imeandikwa 4WD mgongoni, je, itavuka mchanga? Anayeuliza huwa amekwisha ona picha na kusikia sifa kutoka kwa muuzaji, na jirani yake amemwapia kuwa gari fulani "halikwami". Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanagenzi anayetaka kuweka magari mawili au matatu mbele yake na kuyapima mwenyewe kwa siku moja, kabla hajatoa pesa.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Hakuna gari lenye uwezo wa nje ya lami kwa jumla. Lina uwezo mahali fulani, kwa tairi fulani, likiwa na mzigo fulani. Ulinganishi mwingi ninaousikia hapa mjini hauna haki, kwa sababu gari moja lilivishwa tairi za matope na jingine lilikuwa na tairi za lami zilizokwisha meno, kisha aliyeshinda akasifiwa injini yake.

Vitu utakavyohitaji

Tafuta futi ya kupimia ya chuma ya mita 5, chaki, tochi, nyundo ndogo, kipimo cha upepo wa tairi, pampu ya umeme inayochomekwa kwenye gari, kamba ya kuvutia yenye pingu zake, koleo, saa ya simu, na daftari. Mtafute pia mtu wa pili, kwa maana majaribio kadhaa hayawezi kufanywa na mtu mmoja kwa usalama. Uwe na ruhusa ya mwenye gari na ya mwenye ardhi. Usitumie ufuo kama uwanja wa majaribio: kasa hutaga mayai kwenye mchanga huo huo, na maji ya chumvi yataendelea kuula uvungu wa gari muda mrefu baada ya wewe kuondoka.

Fahamu pia mipaka ya soko. Gari lililotumika linaloingia nchini kupitia Kilindini halipaswi kuzidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Pajero Mini, ambayo uundaji wake ulikoma mwaka 2012, na Rush ya zamani, hazipatikani tena kama mzigo mpya kutoka Japani; utazipata kwa mtu aliyezitumia hapa hapa, na hali yake itategemea zaidi matunzo kuliko jina. Jimny ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2018, ndiyo inayoonekana kwenye yadi.

Hatua ya 1: Andika njia yako mbaya kuliko zote

Usianze na gari, anza na njia. Andika mahali pabaya kabisa utakapopita angalau mara moja kwa mwezi, na uandike kinachopafanya pabaya: ni matope ya udongo mweusi, ni mchanga wa luga (mto unaokauka), ni mwinuko wa murram uliochimbwa na maji, au ni mawe makali ya matumbawe kama yale ya mashamba ya Kikambala na Vipingo? Kila kimoja kinadai sifa tofauti. Matope yanadai meno ya tairi na nguvu inayofika magurudumu yote, mchanga unadai wepesi, na njia iliyochimbwa na maji inadai ekseli zinazojipinda pamoja na gia nzito (gia ya ziada inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu). Matumbawe yenyewe yanadai tairi yenye ubavu mgumu, hata kabla hujafikiria gari.

Andika pia idadi ya watu na mzigo. Jimny ya 2018 ina viti vinne, na viti vya nyuma vikiwa vimesimama inabakiwa na lita 85 tu za nafasi ya mzigo. Mwenye watoto watatu na magunia ya nazi ameshapata jibu lake kabla ya kupima chochote.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba gari ni la magurudumu manne kweli

Hatua hii huchukua dakika mbili na tochi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ndugu yangu alinunua Rush katika yadi moja mjini, akaambiwa ni 4x4, na maandishi ya nyuma yalisema hivyo hivyo. Mvua ya kwanza ya vuli ilimkuta kwenye mteremko wa Rabai, magurudumu ya nyuma yakichimba shimo nayo ya mbele yametulia kana kwamba gari limeegeshwa. Tulipolala chini na tochi hatukuona mihimili ya kuendesha magurudumu ya mbele. Hakuna kilichoharibika, vitu hivyo havikuwahi kuwapo.

Rush na Pajero Mini ziliuzwa pia kwa matoleo ya magurudumu mawili, na matoleo hayo huendeshwa kwa nyuma. Hivyo kuona propela shafti ndefu na difu ya nyuma (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) si ushahidi wa kutosha. Tazama mbele, nyuma ya magurudumu, kama kuna mihimili inayotoka kwenye difu ya mbele. Kwa Raize na magari yanayofanana nayo mambo hugeuka, kwa kuwa toleo la magurudumu mawili huendeshwa kwa mbele, na ushahidi unaoutafuta ni propela shafti na difu ya nyuma. Raize ya haibridi ni ya magurudumu mawili tu.

Ukimaliza hapo, weka gari katika mojawapo ya makundi haya matatu:

Kundi la kwanza ni la 4x4 ya kuchagua yenye gia nzito, yaani lenye 2H (magurudumu mawili), 4H (manne kwa mwendo wa kawaida) na 4L (manne kwa gia nzito). Jimny na Pajero Mini zimo humu.

Kundi la pili ni la magurudumu manne ya kudumu yenye difu ya katikati, ile iliyo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inayofungwa kwa kitufe. Terios, pacha wake Toyota Cami, na Rush zimo humu, nazo hazina gia nzito. Suzuki Escudo ya 2005 na kuendelea ni ya kudumu pia, lakini ina kufuli ya difu ya katikati pamoja na gia nzito, na kwa hilo inastahili kutazamwa kuliko inavyotazamwa.

Kundi la tatu ni la magari yanayoendeshwa kwa mbele, ambayo kompyuta huyaunganisha na magurudumu ya nyuma yanapoteleza. Raize ya 4WD na X-Trail zimo humu.

Hatua ya 3: Sawazisha tairi na mzigo

Kabla ya kulinganisha, weka upepo sawa kwenye magari yote, ukianza na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango, kisha andika aina ya tairi na kina cha meno yake. Kama gari moja lina tairi za matope na jingine lina za lami, usijaribu kulinganisha ushikaji wao. Linganisha vipimo vya mwili peke yake. Wapakie watu wale wale na mzigo ule ule katika kila gari. Dereva naye awe mmoja, la sivyo utakuwa umelinganisha madereva.

Hatua ya 4: Pima uwazi wa chini, gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa

Egesha mahali pa sawa, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu. Pima kutoka ardhini hadi kitu cha chini kabisa katikati ya magurudumu, kisha andika kitu hicho ni nini: difu, ekzosi au bakuli la oili. Kitabu kinasema milimita 210 kwa Jimny ya 2018 yenye injini ya lita 1.5, milimita 200 kwa Rush, milimita 185 kwa Raize, na milimita 220 kwa Subaru Forester ya miaka ya karibuni. Ukisimama hapo utasema Forester imeshinda, nawe utakuwa umekosea.

Sababu ni hii. Jimny ina ekseli nzima (mhimili mmoja mgumu kutoka gurudumu hadi gurudumu) mbele na nyuma, na sehemu yake ya chini kabisa ni difu iliyobebwa na ekseli hiyo. Ukiongeza watu wanne bodi itashuka, lakini difu haitashuka hata kidogo, kwa sababu kimo chake kinategemea tairi peke yake. Forester na Raize zinabeba difu na ekzosi chini ya bodi. Bodi ikishuka, navyo vinashuka. Pima tupu, kisha wapakie watu na upime tena pale pale palipotiwa chaki. Uandike namba zote mbili. Ile ya pili ndiyo utakayoishi nayo.

Usidanganywe na bodi iliyoinuliwa kwa springi ndefu kwenye gari la ekseli nzima. Springi huinua tumbo na bampa, haziinui difu. Kinachoinua difu ni tairi kubwa: tairi iliyoongezeka milimita 50 kwa kipenyo huinua difu milimita 25.

Hatua ya 5: Pima pembe tatu: ya mbele, ya nyuma na ya tumboni

Anayevuka kivuko cha Likoni maji yakiwa yamekupwa ameshaona somo hili. Ngazi ya kivuko huwa mwinamo mkali, na magari yenye pua ndefu hukwaruza bampa pale pale ambapo gari fupi hupita bila kelele, hata kama matumbo yao yana kimo kimoja.

Pembe ya mbele: pima kimo cha sehemu ya chini kabisa ya bampa, kisha umbali wa kulala kutoka mahali tairi inapogusa ardhi hadi chini ya sehemu hiyo. Gawanya kimo kwa umbali. Ukipata 0.5 pembe ni takriban nyuzi 27, 0.7 ni nyuzi 35, na 1 ni nyuzi 45. Fanya hivyo hivyo nyuma, na usisahau ekzosi na pingu ya kuvutia. Kwa pembe ya tumboni, pima kimo cha tumbo katikati kabisa ya gari na umbali kati ya ekseli mbili. Kadiri umbali unavyokuwa mfupi kwa kimo kile kile, ndivyo gari linavyovuka tuta bila kukalia tumbo.

Jimny ya lita 1.5 ina nyuzi 37 mbele, 28 tumboni na 49 nyuma, na umbali wa milimita 2,250 kati ya ekseli. Ziweke namba hizo kwenye daftari kama kigezo. Sijaona gari dogo kwenye yadi zetu linalozikaribia zote tatu kwa pamoja bila kubadilishwa chochote.

Hatua ya 6: Jaribu mpindo wa ekseli

Hapa ndipo magari yanapotengana kweli. Tafuta tuta la udongo mgumu la takriban sentimita 40. Panda nalo polepole kwa gurudumu moja la mbele, mwenzako akiwa amesimama kando umbali wa mita 3, si mbele wala nyuma ya gari. Atazame gurudumu la nyuma la upande ule ule. Kwanza kitumbo cha tairi pale inapogusa ardhi kitapungua; kisha tairi itabaki imegusa kwa ukingo tu; kisha itaning'inia. Asimamishe gari mara tu inapoanza kuning'inia, nawe ukanyage breki na kuvuta ya mkono. Mwenzako apime kimo cha gurudumu la mbele kutoka ardhini bila kuingia chini ya gari.

Gari lenye namba kubwa ndilo litakaloweka magurudumu yote ardhini kwenye njia iliyochimbwa na maji. Hili lina uzito mkubwa kuliko nguvu ya injini, kwa sababu difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lililo jepesi. Magurudumu mawili ya mshazari yakining'inia, hata Terios iliyofungwa difu ya katikati itasimama pale pale ikizungusha hewa: kufuli hiyo hugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haigawi kati ya kushoto na kulia. Jimny ya 2018 husaidiwa na kompyuta inayokaba breki ya gurudumu linaloteleza. Jimny nyingi za kabla yake hazina msaada huo na hutegemea mpindo.

Hatua ya 7: Pima utambaaji

Tia alama mbili za chaki zilizo mita 20 mbali, kwenye njia ya murram iliyo sawa. Kwa gari la gia za mkono, weka gia ya kwanza, achia kanyagio zote, na upime sekunde. Gawanya 72 kwa sekunde hizo utapata kilomita kwa saa. Rudia katika 4L kwa gari lililo nayo. Gia nzito ya Jimny ya 2018 hupunguza mwendo takriban mara 2, kwa hiyo kama ulipata sekunde 12 katika 4H, tarajia karibu sekunde 24 katika 4L, yaani kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mzee anayetembea na mkongojo.

Mwanagenzi hudhani gia nzito ni ya kupanda tu. Ijaribu kwenye mteremko wa changarawe: gari lenye 4L hushuka likizuiwa na injini, huku lisilo nayo likitegemea breki, na breki ndizo zinazofunga magurudumu na kulitelezesha kando. Kwa gari la gia otomatiki, jaribio la mteremko ndilo lenye maana, ukiwa umeweka L.

Onyo: simama kabisa kabla ya kuingiza 4L. Usitumie 4H wala 4L ya Jimny au Pajero Mini kwenye lami kavu. Ekseli mbili zikifungwa pamoja hazina pa kupoteza tofauti ya mizunguko kwenye kona, na transfa, sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye ekseli zote mbili, ndiyo italipa.

Hatua ya 8: Jaribu mchanga

Tafuta mchanga mkavu usio wa ufuo, kama njia ya shamba au luga isiyo na maji. Ingia kwa upepo wa kawaida, tia alama pale gari linapoanza kuchimba, kisha simama mara moja. Punguza upepo wa tairi zote hadi psi 18, rudi nyuma kwenye alama zako, uingie tena. Tofauti itakushangaza, na utaona kwamba uzito ndio unaoamua: Jimny yenye takriban kilo 1,100 huelea mahali ambapo gari la kilo 1,500 linazama. Kwa magari ya kundi la tatu, tazama pia taa za onyo, kwani kiungo cha nyuma na gia za CVT (otomatiki za mkanda) hupata joto upesi kwenye mchanga.

Usipunguze upepo kwenye matumbawe. Tairi laini hutoa ubavu nje, na jiwe la matumbawe hulipasua kama wembe. Rudisha upepo kabla ya kurudi barabarani.

Hatua ya 9: Gonga chesisi

Gari lililokulia Japani kwenye theluji hutiwa chumvi ya barabarani chini yake, kisha likija huku linapokewa na hewa ya bahari. Gonga kwa nyundo ndogo chesisi, makalio ya springi na viungo vya bodi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti butu na kumwaga magamba. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ikutie shaka. Gari lililoshinda hatua zote nane likashindwa hapa, liache.

Ikitokea tatizo

Taa ya 4WD ya Jimny ya kizazi kilichotangulia inawaka na kuzima, na magurudumu ya mbele hayavuti. Mara nyingi ni mipira ya vakyumu inayofunga habu za mbele imepasuka. Ni ukarabati mdogo, lakini usimalize majaribio kabla haijatengenezwa.

Usukani unatetemeka kwa nguvu kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa. Hutokea kwenye Jimny kwa sababu ya ekseli nzima ya mbele. Anza na mizani ya magurudumu, kisha beringi za kingipini na bushi, ndipo ununue kizuia mtikisiko cha usukani. Ukianza na hicho umeuficha ugonjwa.

Gari la kudumu, kama Terios, linajikaza kwenye kona ingawa difu haijafungwa. Linganisha tairi zote nne. Mbili mpya na mbili zilizokwisha zinatosha kuleta hali hiyo.

Gia imegoma kutoka 4L. Usiivute kwa nguvu. Rudi nyuma mita 3 au 4 ukiwa umenyoosha usukani, kisha ujaribu tena.

Taa ya joto imewaka mchangani. Simama, usizime injini, subiri. Andika ni dakika ngapi gari lilidumu kabla taa haijawaka, kwa maana hicho nacho ni kipimo.

Matokeo ya leo hayalingani na ya jana. Pima upepo wa tairi kwanza. Jua la Mombasa peke yake huongeza psi kadhaa kati ya asubuhi na saa nane mchana. Kama upepo uko sawa, tazama kama mvua imenyesha juu ya njia yako, na urudie magari yote siku moja, moja baada ya jingine, kwenye alama zile zile za chaki.